Pikapu Nane Alizozikataa Baba

Mama alikufa akingoja pikapu. Ndivyo nilivyokuwa nikiwaambia watu baada ya mazishi, na nilisema kwa sauti ya juu, mbele ya baba, ili asikie.

Mimi ni Murugi, mshonaji wa sare za shule mjini Nyeri. Nakaa mtaa wa Skuta, na hasira zangu ziko karibu. Mama alizoea kusema mimi ni maziwa jikoni, ukigeuka kidogo yamekwisha kufurika. Sijitetei. Nataka tu kueleza jinsi nilivyomfungulia kesi baba yangu mzazi, nikamhukumu peke yangu, na kumbe kesi yenyewe sikuijua.

Baba anaitwa Gicheru. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa magari pale Gatitu, na watu walimwita Masikio. Ukimpelekea gari hakuuliza lina nini. Alifungua boneti, akakuambia uwashe, akaegemeza ncha ya bisibisi ndefu kwenye injini na mpini wake sikioni, kisha akafumba macho. Baada ya dakika moja angesema: silinda ya tatu. Au: beringi ya chini. Au: gari ni zima, mbovu ni wewe dereva. Walimjia walimu kutoka Karatina na wafanyabiashara wa mifugo kutoka Nanyuki, na hakuna aliyerudi kulalamika.

Kwetu basi ikawa kama sheria: hakuna anayenunua gari kabla baba hajalisikiliza. Binamu zetu wa Kianyaga walimfuata hadi Gatitu kwa ajili hiyo tu. Shemeji yangu mmoja alinunua lake kimyakimya, likamfia njiani siku ya tatu, na hadi leo hakuna aliyempa pole.

Miaka miwili iliyopita mimi na kaka yangu Theuri, anayefanya kazi Nairobi, tuliamua kuwanunulia wazazi pikapu. Theuri alitaka kubwa, yenye milango minne, ya kupigia picha. Baba alimcheka.

"Sisi tunabeba majani ya ng'ombe, mitungi miwili ya maziwa, na mama yako siku ya Jumapili," alimwambia. "Hiyo ni kazi ya silinda nne. Ukinunua ndovu, utalisha ndovu."

Tukakubaliana: pikapu ndogo, silinda nne, mlango mmoja huku na mmoja kule. Mama yeye hakujali silinda. Tangu ujana wake alikuwa akibeba majani mgongoni kwa mukwa, ule mkanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, na mkanda ulikuwa umemchimbia mfereji pale juu ya nyusi. Alitaka majani yakae nyuma ya gari, na yeye akae mbele. "Nikae mbele tu," alisema, "niangalie watu wakitembea kwa miguu."

Basi tukaanza kutafuta, na baba akaanza kukataa. Ya kwanza aliikataa Othaya. Ya pili na ya tatu mjini Nyeri. Aliegemeza bisibisi yake, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Hii iko na kitu," alisema.

"Kitu gani, Baba?"

"Kitu."

Mtu aliyekuwa akitaja hata jino la gea lililolika sasa alikuwa akisema "kitu". Hapo ningepaswa kushtuka. Lakini nilijiambia mgema akisifiwa tembo hulitia maji, kwamba sifa zimemlevya mzee na hakuna tena gari litakalompendeza. Ikafika ya saba. Theuri alichoka, akasema tungoje hadi mwisho wa mwaka.

Mwaka haukutungoja. Julai iliyopita, asubuhi ya baridi na manyunyu, mama aliteleza karibu na zizi akiwa na mzigo wa majani mgongoni. Nyonga ikavunjika. Akalala pale kwenye tope akiita. Baba alikuwa nyuma ya nyumba akipasua kuni, hatua ishirini kutoka pale. Nilizihesabu mwenyewe baadaye. Mama aliita kwa zaidi ya saa moja. Aliyemsikia ni jirani yetu Shiro, ambaye alikuwa anapita zake barabarani, mbali kuliko baba mara tatu. Alipoingia ndani ya boma alimkuta mama amekuwa wa buluu midomoni, na baba bado anapasua kuni.

Baridi ilimwingia mapafuni. Alikaa hospitalini siku tisa. Siku ya saba nilimwambia kwamba nitamuuliza baba kwa nini hakuja. Mama akanishika kidole, hakuwa na nguvu ya kushika mkono mzima, akasema, "Usimuulize baba yako."

Nilimuuliza. Nilimbana kwenye korido ya wodi, watu wakipita na chupa za chai. "Ulimsikia mama akiita, ama hukumsikia?"

Alinitazama mdomoni, kisha akatazama mikono yake. Akasema, "Nisamehe."

Nilichukua neno hilo kuwa ungamo. Mtu haombi msamaha kwa jambo ambalo hakulifanya. Baada ya kumzika mama niliapa mambo mawili: kwamba sitakula tena chakula katika nyumba ile, na kwamba nikishamaliza habari ya pikapu sitakanyaga tena Gatitu. Theuri alisisitiza tuinunue, maana baba sasa alikuwa peke yake na ng'ombe wawili. Mimi nilikubali ili nimalize. Kabla ya msiba, baba aliniita Mami, kwa sababu nimechukua jina la mama yake. Baada ya msiba hakuniita kitu chochote. Nilidhani ni aibu, na nilifurahi kuiona.

Ya nane tulikwenda kuiangalia Karatina mwezi wa Septemba, kwa mwalimu mstaafu aitwaye Kinyua. Pikapu nyeupe, imetunzwa, injini yake ikiwaka ungeweza kusimama kando yake na kupiga simu. Mwalimu alitupa ufunguo akarudi kwenye kahawa yake. Hatukufika hata kutajiana majina. Baba aliegemeza bisibisi. Alikaa muda mrefu, jasho likamtoka kwenye mdomo wa juu, na kulikuwa na baridi.

"Hii iko na kitu," alisema.

Nilirusha ufunguo kwenye kiti. "Sikio la kufa halisikii dawa," nikamwambia, na mengine ambayo sitayaandika. Nilimwambia angekuwa amechagua moja, yoyote ile, mama asingebeba majani siku ile. Nilimwambia mara ya mwisho ndiyo hii. Akikataa nyingine, atafute mtoto mwingine. Hayo nilimwambia uso kwa uso, nikinyoosha kidole, na nikaona yamemfikia.

Wiki iliyofuata tulikwenda Nanyuki. Abdisalan, mfanyabiashara wa mbuzi, alikuwa mteja wa baba tangu zamani, na ni mtu wa haki. Alikuwa ameniambia kwenye simu bila kuficha: "Dada, hii pikapu inagonga. Ndiyo maana naiuza rahisi. Wewe leta mzee, atasema kama ni ya kufungua injini ama ni ya kutupa." Njiani, ndani ya matatu, nilimweleza baba habari hiyo yote, macho yangu barabarani, yeye akiangalia mashamba ya ngano dirishani. Alijibu, "Eeh."

Abdisalan alimsalimia baba kwa mikono miwili, akampa pole ya mama, akatupeleka nyuma ya banda. Akawasha. Injini iligonga kwa chini, go, go, go, hata mbuzi waliofungwa karibu wakasogea. Sihitaji kuwa fundi. Cherehani yangu ikigonga hivyo naizima.

Baba alifungua boneti vizuri, akatoa bisibisi yake kwenye kitambaa, akaegemeza, akafumba macho. Kiganja cha mkono wa pili alikilaza kwenye bati la ubavu. Tulisimama pale tukingoja kwa muda mrefu. Kisha akafumbua macho, akatabasamu, na alikuwa hajatabasamu tangu Julai.

"Hii ni safi," alisema. "Zote nne zinaenda pamoja. Tuchukue hii."

Abdisalan alicheka. "Mzee anatutania." Hakuna aliyecheka naye. Alinitazama mimi, kisha akamtazama baba, kisha akaingiza mkono dirishani akazima gari.

Kwanza nilidhani baba ananikejeli. Damu ilinipanda. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo wakati alipoinama kukagua tairi la mbele, mgongo wake umenielekea, na nikaiona shingo yake, jinsi ilivyokonda. Sijui ni nini kilichoniingia. Nilikumbuka redio yake ambayo majirani waliilalamikia. Nilikumbuka simu aliyoikataa, akisema simu ni mambo ya watoto. Nilikumbuka jinsi mama, akitaka kumwita mezani, alivyomrushia punje za mahindi begani, naye akageuka akicheka, nasi tukasema wazee wanapendana. Nilikumbuka "Eeh" zake zote.

Nilisogea hadi nikawa hatua tatu nyuma yake. Nilisema kwa sauti ya kawaida, ile ambayo mtu huitumia nyumbani.

"Baba, mama anakuita."

Alipitisha kidole kwenye meno ya tairi.

Nikarudia, kwa nguvu zaidi. "Baba. Mama anakuita."

Akaligonga tairi kwa ngumi, akaridhika nalo, akahamia la pili. Abdisalan alitazama chini. "Wacha nilete chai," alisema, akaenda zake, na najua hakuwa anataka chai.

Nilizunguka nikachuchumaa mbele ya baba, kati yake na tairi. Aliniona ninalia, akaelewa. Hakujaribu kudanganya. Alikaa chini kwenye changarawe, mtu wa miaka sabini na mbili, na bisibisi yake mkononi.

"Tangu lini?" niliuliza, polepole, ili aone midomo.

"Ya kushoto ilienda kwanza. Miaka sita hivi. Ya kulia ikaifuata." Aliipangusa bisibisi kwa kitambaa ingawa ilikuwa safi. "Kwa gereji nilikuwa natumia mkono. Mkono inasikia kidogo. Halafu mkono pia ikazeeka, ndio nikafunga."

Nilikuwa nimeambiwa alifunga gereji kwa sababu ya mgongo.

"Mama alijua?"

"Mama yako ndiye alikuwa masikio yangu. Tulikuwa tumekubaliana asiseme. Watu wananiita Masikio, hata watoto. Ningewaambia waniite nani sasa?"

"Na zile pikapu?"

"Ningechagua mbaya, mngejua. Nikikataa, hakuna mtu anajua." Alikikunja kitambaa. "Na leo ningekataa, ungeenda. Uliniambia. Kwa hivyo nikasema yoyote ile, bora tuchukue."

Nilishindwa kumtazama, lakini nilijua nikiangalia pembeni hatanisikia, kwa hiyo nikamtazama. "Nilikuuliza hospitalini kama ulimsikia. Kwa nini hukuniambia? Nimekutukana miezi miwili, Baba. Mbele ya watu."

"Uliniuliza kama nilimsikia. Ningesema sikumsikia, ingesaidia nani? Yeye aliita, mimi nilikuwa hapo. Hiyo ndio iko." Akapumua. "Nimesikiza magari ya watu miaka arobaini, Mami. Yeye aliniita asubuhi moja."

Nililia, na sikulia kwa heshima. Nilimwambia nimekosa, nikairudia mara nyingi, nikiwa nimemshika uso ili asigeuke. Huzuni niliyoipata pale ilikuwa nzito kuliko ile ya kaburini, kwa sababu ile ya kaburini nilikuwa na mtu wa kumlaumu.

Abdisalan aliporudi na chai ya maziwa ya ngamia alitukuta bado tumekaa chini. Hakuuliza. Alichuchumaa nasi, tukanywa wote watatu. Kisha baba akanipa bisibisi.

"Sasa niambie ukweli," alisema. "Hii gari inasema nini?"

Abdisalan aliwasha. Niliegemeza ncha pale baba aliponionyesha na mpini nikautia sikioni, na kelele ya injini ikaniingia kichwani karibu nidondoke. Nilimwambia inagonga kwa chini. Hakutosheka. Alikunja mkono wa koti, akaniletea mkono wake wa ndani, pale penye ngozi laini.

"Nipigie vile inagonga."

Nikampigia kwa kidole, go, go, go, nikifuata injini. Abdisalan alipokanyaga mafuta nikampigia kwa haraka zaidi. Baba alifumba macho. Alikaa vile vile alivyokuwa akikaa zamani, kidevu kimeinama kidogo, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita, nadhani, hakuwa anaigiza.

"Beringi ya chini, ya tatu," alisema. "Shafti imekwisha kulika. Abdisalan, usifungue hii injini. Tafuta ingine."

"Hata fundi wa hapa alisema hivyo, mzee," alijibu Abdisalan, na akakumbuka kumgeukia baba kabla ya kusema.

Tuliondoka Nanyuki saa nane mchana tukarudi moja kwa moja Karatina. Mwalimu Kinyua alishangaa kutuona baada ya matusi yangu ya wiki iliyotangulia. Nilimwomba radhi, naye akasema yeye amefundisha darasa la nane, matusi ameyazoea. Akawasha pikapu yake nyeupe. Niliegemeza bisibisi, nikamshika baba mkono, nikampigia: kidole chepesi, sawasawa, bila kuruka. Nilipiga muda mrefu. Alitabasamu akiwa bado amefumba macho.

"Hii ndio," alisema. "Hii ilikuwa nzuri hata ile siku."

Kisha akaanza kuizunguka, akiipapasa, akipima kwa mikono kama mitungi miwili itakaa nyuma pamoja na majani. Mimi na mwalimu tulikaa barazani tuandike karatasi ya mauziano. Nilimtajia jina la mnunuzi, Gicheru wa Gatitu, fundi. Kalamu yake ikasimama.

"Wa Gatitu?" alisema. "Kuna mama wa huko alikuja hapa mwezi wa sita, siku ya soko. Mama mzee, ako na alama ya mukwa hapa kwa uso. Wangui."

Wangui ni jina la mama.

"Aliuliza kama anaweza kukaa ndani. Nikamfungulia. Alikaa hapo mbele karibu nusu saa, ameshika kikapu, anaangalia tu barabara. Akaniambia hii ndiyo anataka, lakini nimwekee kidogo. Ati bwana yake ni fundi, lazima aichague yeye, na bado hajakuwa tayari. Ati hataki kumharakisha." Mwalimu alitikisa kichwa. "Mimi nikamwekea mpaka Agosti, hakurudi. Sikujua mumewe ni huyu mzee. Nilifikiri walipata ingine."

Baba alikuwa amefika karibu nasi. Aliona midomo ya mwalimu ikienda, akaona uso wangu. Alisimama pale juani, mkono mmoja juu ya boneti, na tabasamu lake lilikuwa bado halijaisha lote.

"Anasema nini, Mami?"

Miezi miwili mizima nilikuwa nimemtangazia kila mtu kwamba mama alikufa akingoja pikapu, nikapaza sauti ili neno hilo limfikie. Sasa nilikuwa nalo lote, na siku, na kiti, na jina la mwenye gari. Niliinuka nikasogea hadi mbele yake, nikahakikisha anauona mdomo wangu vizuri.

"Anasema ni gari nzuri," nilimwambia. "Anasema ametuwekea."

Baba aliitikia kwa kichwa. Alifungua mlango wa abiria, akapanda polepole, akakaa pale alipokuwa amekaa mama, akanisubiri nije niendeshe.